Ngoro Zilizopinda

Jumatano, tarehe 2 Julai 1997. Ukungu toka alfajiri, haukuinuka mpaka saa nne, na baridi ya kuuma vidole.

Leo asubuhi nimefunika jicho la kulia kwa kiganja, nikatazama ile karatasi ya vijumba vya mistari aliyonipa daktari wa macho, iliyotundikwa kwa misumari kando ya mlango, kama ninavyofanya kila siku kabla ya chai. Mstari mmoja, chini kidogo ya kitone cha katikati, nimeuona umelegea. Nimekwenda kuwasha moto, nimerudi. Umelegea. Sikumwambia mtu. Nilijiambia karatasi imekunywa ukungu. Tena huu ni msimu wa kuchuma kahawa, na mtu wa kusimamisha kazi ya nyumba nzima kwa ajili ya mstari awe na hakika kwanza. Mimi hakika sina. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na macho yangu yameshanifanya nimsingizie mtu.

Hilo sijawahi kuliandika, na si haki kuliacha.

Mwaka jana mwezi wa Machi tulikuwa tunalima ngoro za maharage. Mwanangu alifyeka majani akayalaza kwa mistari, ya kushuka na ya kukatiza, mteremko mzima ukawa miraba. Kazi ya mwanaume inaishia hapo. Mimi na mkwe wangu, mke wake, tulichimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, yakawa matuta, katikati likabaki shimo la kushika maji. Mistari ikipinda, mvua inapata pa kupasua na udongo wote unakwenda mtoni. Kwa hiyo huku kwetu mwanamke anapimwa kwa matuta yake.

Mkwe wangu ametoka ziwani, upande wa Lundo. Kwao wanalima muhogo kwenye mchanga. Ngoro amejifunzia kwangu. Siku ya tatu niliinua kichwa nikaona matuta yake yanayumba. Ya kwangu sikuyatazama. Nikamwambia kwa sauti, wanawake wa shamba la jirani wasikie:

"Mwanangu, huku si ziwani. Mbona umetuchimbia mawimbi?"

Wale wanawake wakacheka. Yeye akauliza tu, "Yako wapi, mama?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akabomoa mistari mitatu, akaipanga upya. Nikaona bado inayumba. Akabomoa tena. Mwanangu alipoleta maji ya kunywa akasema, "Mama, hii imenyooka kama uzi." Nikamjibu kwamba mwanaume aliyeoa juzi haoni kitu.

Jioni, tulipokuwa tunakusanya vyombo, mkwe wangu alilaza jembe lake juu ya tuta.

"Haya, mama. Na mpini huu nao nimeupinda mimi?"

Nikatazama. Mpini ulikuwa umejikunja katikati kama nyoka aliyekanyagwa. Nilipofuta jicho la kulia kwa pindo la khanga, likazibika, mpini ukanyooka. Nilipoliachia, ukajikunja. Nikasema vumbi limeniingia, tukashuka nyumbani.

Nikasubiri. Hakuna aliyenizuia kwenda hospitali, lazima niseme hivyo. Nilisema kahawa iuzwe kwanza. Miaka hii wanunuzi binafsi wanapanda na malori yao wakati wowote, kila mmoja na bei yake, na ukiondoka nyumbani unahofia mwenye bei nzuri atapita ukiwa hupo. Mnadani nikanunua miwani kwa muuza mitumba. Iliukuza mpindo tu. Nilipofika mbele ya daktari wa macho, yule anayekuja Mbinga kwa siku chache chache, ilikuwa Septemba. Kwa jicho la kulia nilikuwa nikimtazama mwanangu naona masikio na nywele, uso hakuna.

"Lilianza lini, mama?"

"Machi."

Akaandika. Kisha akanieleza polepole. "Hili limevuja damu kwa nyuma, katikati kabisa, pale panapoonea sura na herufi. Limeshaweka kovu, halirudi. La kushoto lina madoa ya njano, lakini bado linaona. Linaweza kukaa hivyo miaka. Linaweza lisikae." Ndipo akanipa ile karatasi. "Siku mstari ukipinda, kesho yake uwe njiani. Kuna hospitali kubwa wanaweza kuchoma kwa mwanga ile mishipa inayovuja. Si kwa kila mtu, na si kwa aliyechelewa."

Sikumchukia. Hakunificha kitu.

Niliporudi nilimwomba radhi mkwe wangu kule kule shambani, wanawake wale wakiwepo, maana nilimwaibisha wakiwepo. Akasema, "Mama, nilishasahau. Ila safari nyingine matuta utabomoa wewe." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Sasa leo. Adhuhuri aliingia na kikapu cha kahawa mgongoni, akanikuta nimefunika jicho.

"Hiyo ni mara ya ngapi, mama?"

"Ya tano. Karatasi ina unyevu."

Hakubisha. Aliing'oa, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza, akaishika mbele yangu kichwa chini miguu juu. "Ule uliolegea uko wapi?"

Kama kosa lingekuwa la karatasi, mstari ule ungekuwa umepanda juu. Nilionyesha chini ya kitone, pale pale. Akaigeuza ubavu. Pale pale.

"Basi si karatasi," akasema, akakaa chini na kikapu chake mgongoni.

Mwanangu tulimwambia jioni. Alikuna kichwa. "Kahawa imeiva, mama. Tukiiacha siku nne itakaukia mtini. Na kama ni uchovu tu?" Simlaumu, anachosema ni kweli, na mimi mwenyewe nilitamani iwe hivyo. Kila asubuhi kujipima kama gunia kumenichosha kuliko jembe.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Mwaka jana tuliisubiri kahawa. Tukaiuza. Jicho liko wapi?"

Mwanangu akasema atachuma peke yake, atakachoweza.

Kesho, gari la kwanza, naondoka na mkwe wangu kwenda Mbinga. Huenda daktari hayupo, huenda wataniandikia barua ya kwenda mbele, huenda nimewahi, huenda sikuwahi. Sijui, na leo sina nguvu ya kukisia.

Tumekula mapema ili tulale: ugali wa mahindi, maharage, na usipa wa kukaanga, vidagaa vya ziwani. Mkwe wangu amechemsha viazi vya njiani, amevifunga kwenye kitambaa.