Mbegu za Jirani

Baridi ilipoanza kuuma, Murdena alitoa blanketi kitandani mwake akalifunika boga lake shambani. Yeye akalala na koti. Mji mzima ulimcheka dereva huyo mstaafu wa basi la shule. Lakini aliyemkera kupita wote alikuwa jirani yake Eldon, bingwa wa mashindano ya boga zito kuliko yote, aliyemletea kila mwaka mbegu za boga lake lililoshinda.

"Haya, jirani, panda," alikuwa akimwambia. "Na usije tena na boga la kutia mfukoni!"

Murdena alizipokea amenuna, akazipanda vilevile. Pasipo kejeli zile, angekuwa ameshaacha maboga zamani akafuga kuku.

Mwaka huu trekta lilibeba boga lake hadi kwenye mizani, na mizani ikamvua Eldon ubingwa. Mwamuzi alimbandika Murdena utepe mwekundu wa mshindi wa kwanza, watu wakashangilia. Yeye alimtafuta jirani yake kwa macho, ulimi ukimwasha.

Eldon alikuja polepole, kofia mkononi. Hakutania. Alikunjua kiganja.

"Ukilipasua, jirani, unikumbuke. Naomba mbegu."

Eldon hakuwahi kumwomba mtu mbegu. Murdena aliyaacha maneno yote ya kumcheka aliyoyaweka akiba. Alichukua kisu, akalipasua boga palepale, akamjazia viganja vyote viwili.

"Ni zako mwenyewe hizi, mzee. Asante," akasema, machozi yakimtiririka. "Haya, panda. Na usije na boga la kutia mfukoni!"