Nilikuwa summer school Berlin, nyumbani wakamzika mama bila kuniambia

Wakuu, salama? Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mtaniamkia huko kwenye comments.

Miaka yote mimi ni wa kusoma tu humu na kupita kimya. Leo naandika ya kwangu.

Sio chai, sijatunga. Natamani ingekuwa chai, ningeifuta nikalala.

Uzi una hasira, nasema mapema. Asiyetaka hasira za watu apite.

Mimi ni mtoto wa Songea, kitinda mimba wa mama yangu. Tuko watatu. Kaka mkubwa, nimwite Festo, anaishi Msamala na ana duka la vifaa vya ujenzi. Dada yetu Konsolata kaolewa Tunduru. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo mama ndiye alikuwa mama na ndiye baba. Aliishi kijijini Mpitimbi, analima mahindi, na Jumapili lazima kanisani hata mvua inyeshe ya kubomoa nyumba.

Nasoma mambo ya historia na makumbusho, chuo sikitaji. Mwaka jana zikatangazwa nafasi za summer school Berlin, wiki sita, wenyeji wanagharamia kila kitu. Nikaomba kama utani. Nikapata.

Kwa msiotoka huku: kwetu Majimaji sio mada ya mtihani. Ni babu zetu walionyongwa na Wajerumani, na mpaka leo kuna familia zinauliza mabaki ya watu wao yako wapi, zipewe zizike. Kwa hiyo nilipomwambia mama naenda Ujerumani aliweka jembe chini. Kisha akasema, "Kwa hao hao waliotunyonga? Haya nenda, ila ule vizuri."

Kesho yake jumuiya nzima inajua. Katekista anajua. Mwenye mashine ya kusaga anajua. Nilikaa naye siku nne tukipukuchua mahindi na kila anayepita njiani anaitwa aje kuniangalia.

Basi nikaenda.

Berlin kuzuri, sitakuwa mnafiki. Tulikuwa vijana kama ishirini hivi kutoka nchi mbalimbali. Asubuhi darasani, mchana makumbusho au kwenye nyaraka za zamani. Shida yao moja ni salamu. Nilimwamkia mzee mmoja ndani ya lifti, akageukia ukuta mpaka tukafika. Nilipomsimulia mama alicheka hadi akakohoa, akaniambia nisiache kuwaamkia, iko siku mmoja ataitikia.

Tulikuwa tunaongea kila jioni. Tofauti ya saa kati ya huku na Berlin wakati wa kiangazi chao ni saa moja tu. Naomba mlishike hilo, maana kuna watu wamewahi kuniambia eti "ni majira tu yalipishana".

Mwisho wa wiki ya pili, jioni moja, napiga simu ya mama haipatikani.

Nikampigia Festo. Akasema simu ya mama imeingia maji, iko kwa fundi. Sawa. Kesho yake nikapiga tena, akasema mama kaenda Tunduru kumsalimia Konsolata, na anakokaa Konsolata mtandao ni wa kubahatisha. Sawa. Nikamtafuta Konsolata, akasema mama yupo, katoka kidogo, akirudi atanipigia.

Hakupiga. Siku zikaenda.

Najua mtauliza mbona sikushtuka. Nilishtuka jamani, mimi sio jiwe. Festo ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza nimekula nini, sasa ananitumia meseji kila siku kuniuliza nimekula nini. Group letu la familia ambalo mashangazi huwa hawalali kwa kutuma sala na picha za maua, likapoa ghafla. Mimi natuma picha za makumbusho, wananijibu dole gumba. Kumbe walishafungua group jingine, ukoo mzima ukahamia huko, mimi peke yangu nimeachwa kwenye lile la zamani naongea na kuta.

Nikamuuliza Konsolata moja kwa moja kama mama ni mzima. Akanijibu, "Mzima. Wewe soma."

Nikamwamini. Ningemwamini nani mwingine, wakuu, kama sio dada yangu wa tumbo moja?

Alhamisi ya wiki ya tatu ilikuwa zamu yangu ya presentation. Niliongelea kwetu. Nikawaeleza wale wazungu kwamba kwa Mngoni kumzika mtu wako sio sherehe, ni haki. Kwamba usipotupa udongo kwa mkono wako, moyo haukubali kwamba mtu ameondoka. Nikaongea mpaka mwenyewe nikasisimka. Walisimama kupiga makofi, profesa akanishika mkono, mwenzangu wa Ghana akatupiga picha. Ninacheka meno yote nje.

Nikaiweka status. Nikaandika: Songea imesikika leo.

Saa hiyo hiyo, Mpitimbi, walikuwa wanamshusha mama yangu kaburini.

Nimehakikisha. Nimelinganisha saa ya status na saa waliyotoka kanisani.

Baada ya hapo nilikaa wiki tatu nyingine. Nikaenda kwenye bustani zao, nikapanda boti mtoni, nikala bata na wenzangu, vyote nikapost. Kila siku kaka ananiambia mama anakusalimu. Kila siku nasema nami namsalimu.

Nikarudi. Dar nikalala kwa rafiki, asubuhi basi, tukafika Songea jua linaelekea kuzama.

Stendi nikamkuta Festo, na pembeni yake amesimama Konsolata. Nikafurahi kwanza, nikauliza, mmekuja na mama? Konsolata akajifanya anahesabu mabegi. Mabegi yenyewe mawili.

Tulipofika Msamala nikakuta viti vya plastiki uani. Katekista. Mashangazi kwenye mikeka. Wote wananiangalia usoni na hakuna anayesema karibu. Nikajua kuna mtu hayupo, nikaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa macho.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akaniambia nikae. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika bega.

"Mwanangu, jikaze wewe ni mwanaume. Mama yako tulishamzika. Kazi ya Mungu haina makosa."

Wanawake wakaangua kilio pale pale, kwa pamoja. Mimi machozi hayakuja. Nilikuwa nawatazama tu. Wao walishalia, walishalala matanga, walishaanua, walisharudi mashambani. Pale walikuwa wananisindikiza. Baada ya kama saa moja wakanyamaza, wakapakua ugali.

Nikauliza ni lini. Wakaniambia. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena.

Usiku ule sina la kusimulia, tuuache.

Asubuhi nikaenda Mpitimbi. Kaburi limeshasakafiwa, msalaba umesimama, jina na tarehe. Hata udongo wa kuushika hakuna, ni saruji tupu. Kazi nzuri, fundi wa kaka yangu huyo.

Lakini kilichonishangaza ni watu. Kijiji kile nimekulia, nikipita huwa naitwa kila mlango. Siku ile napewa salamu za kipolisi. Jirani yetu mmoja bibi, ambaye ndiye aliyenifundisha sala, nikampa shikamoo akaitikia marahaba bila kunitazama. Halafu akasema, "Umefika? Tuliziona picha zako."

Sikuelewa. Nikamfuata binamu yangu tuliyesoma naye, nikambana aniambie. Mwanzo alizunguka, mwisho akatema.

Wakuu, pale kaburini baada ya kuzika, wasifu wa marehemu uliposomwa, ilisomwa pia salamu ya mtoto wa mwisho aliyeko Ujerumani. Yaani mimi. Kwamba nimepokea taarifa kwa majonzi makubwa, nimeshindwa kupata usafiri, naungana na familia kwa sala. Kaka yangu Festo kaiandika na kaisoma mwenyewe kwenye spika.

Na wakati inasomwa, vijana nyuma huko wana simu. Status yangu inaonekana. Nimekumbatiana na wazungu, meno yote nje, Songea imesikika leo. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa akina mama. Hakuna aliyeinuka kusema jamani huyu mtoto hajaambiwa.

Kwa hiyo Mpitimbi nzima inanijua kama mtoto aliyeambiwa mama kafa, akaenda kupanda boti.

Nilirudi mjini mbio, nikamkuta Festo dukani. Sikumsalimia. Nikamuuliza kwa nini.

Akawaambia wateja wasubiri, akanipeleka stoo, tukasimama katikati ya mifuko ya simenti. Akasema walikaa kikao cha ukoo wakaamua. Kwamba mtu aliye ugenini peke yake haambiwi msiba, hana wa kumshika, anaweza kuzirai barabarani au kujirusha ghorofani. Kwamba ndivyo tulivyolelewa, na hata baba alipofiwa na mama yake akiwa kibaruani Tanga aliambiwa aliporudi, na hakufa. Kuhusu salamu, alisema asingeweza kutangaza mbele ya paroko kwamba familia imemficha mtoto msiba, na kukaa kimya ingekuwa aibu kwangu. Alinifichia aibu.

Akamalizia, "Na si wewe uliyesema tiketi yako haibadilishwi?"

Kweli nilisema. Siku ya kuagana nilisema, kwa kujisikia kidogo, kwamba tiketi ya wazungu ukiigusa unalipia mwenyewe. Sikusema mama akifa mnifiche.

Niwe mkweli, Festo sio shetani. Ada yangu ya sekondari ni yeye. Hospitali ya mama, jeneza, chakula cha watu, ni yeye. Pale stoo alilia, mtu mzima na ndevu zake. Nilianza kulegea. Nikasema moyoni, basi, walikosea kwa kupenda, damu nzito kuliko maji, yaishe.

Ningekomea hapo huu uzi usingekuwepo.

Wiki iliyofuata akaja mama mdogo Oliva, mdogo wake mama tumbo moja. Yeye ndiye aliyemuuguza wodini. Alikaa na mimi jikoni tunachambua maharage, akawa ananiangalia na kuangalia chini, mwisho akasema hawezi kubeba peke yake.

Mama alilazwa siku tano. Presha, halafu mapafu yakajaa maji. Siku zote tano alikuwa na akili zake na anaongea. Na siku nne za mwanzo alisema kitu kimoja, mpigieni mwanangu, maana simu yake alikuwa nayo Festo.

Festo alikuwa anatoka nje ya wodi na simu, anakaa kidogo, anarudi. Anamwambia mama, hapatikani. Kesho, hapatikani. Daktari alishawaambia hali sio nzuri, na Festo aliogopa nikiisikia sauti ya mama ilivyokatika nitajua. Kwa hiyo alikuwa anasimama tu korido. Hajapiga hata mara moja. Nimeangalia simu yangu, siku zile tano hakuna missed call, na mimi jioni zile nilikuwa nimekaa chumbani naishika.

Siku ya nne mama alimuuliza Oliva, "Au huko nako wamemfundisha kuzima simu?"

Oliva anasema mama hakuniulizia tena.

Tangu hapo sijakanyaga dukani kwa Festo. Tukikutana kanisani namwamkia kwa sababu ni mkubwa wangu, naendelea na njia.

Sasa misa ya kumbukumbu ya mwaka inakaribia, Mpitimbi. Ukoo umenipangia mimi niseme neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nikisimama pale nikasema ukweli, namvua nguo kaka yangu mbele ya kijiji na paroko, na sidhani kama ukoo huu utakaa tena meza moja. Nikinyamaza, naendelea kuwa yule wa kwenye boti. Konsolata ananibembeleza eti yaliyopita si ndwele. Mwepesi wa kusema.

Nililojifunza ni hili. Mtu akiwa mbali mwambieni. Mnaogopa atazirai, tafuteni jirani yake, mwalimu wake, mchungaji wa huko, akae naye kwanza ndipo mpige. Alie na watu wasiomjua lakini alie siku moja na nyie. Na wewe unayesafiri, chagua mtu mmoja umwapishe kabisa kwamba likitokea la kutokea atakwambia hata kama ukoo wote umekataa. Mgonjwa akiomba simu, mpeni simu. Hata kama hatamaliza sentensi, mpeni.

Haya, uwanja wenu. Mliowahi kufichwa msiba njooni, mliowahi kuficha njooni pia, nataka kuwasikia nyie hasa. Mnishauri nisimame niseme au nisimame nishukuru. Matusi nayapokea.

Kijiji mimi naweza kukieleza, leo au mwakani, na wengine wataelewa. Ila mama amekufa anajua mwanawe wa mwisho kazima simu. Yeye nitamweleza saa ngapi?