K Moja ya Maua

Wazungu wa Élisabethville walipooana, ni mikono ya Clément Kakoma iliyowatangaza. Katika kiwanda cha kuchapa cha misioni, kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi, moja baada ya nyingine, na kwa kadi za arusi alifungua droo ya herufi za maua: zile zenye mikia mirefu, zinazoshikana kama maandishi ya kalamu. Mke wake, Mama Bwalya, alimtania kwamba yeye ndiye anayewaoza matajiri wote wa mji, ila kuku wa shukrani anapewa padri.

Sasa ilikuwa zamu ya binti yao Angélique. Alipoposwa na Godefroid Kapya, kijana wa reli kutoka Sakania, Clément aliahidi mbele ya wakwe kwamba majina ya watoto yatatoka kwa herufi za maua, zile zile za Wazungu. Frère, bruda wa misioni aliyesimamia kiwanda, alikubali, mradi aifanye kazi hiyo Jumamosi baada ya kengele.

Alipofungua droo akabaki kuitazama. K kubwa ilikuwa moja tu. Droo ilipangwa Bulaya kwa majina ya Bulaya. Huko K ni ya nani? Huku ni Kakoma, ni Kapya, ni nusu ya jirani zake.

Akatafuta njia. Angechapa kadi zote kwanza kwa jina la bwana arusi, kisha aitoe ile K, aipeleke kwenye jina la binti, na kuzipitisha kadi mara ya pili. Kapya ikatoka safi, mikia yake ikilala kama mvuke. Akaihamisha K, akakaza, akavuta mkono wa mashine. Mkia wa K, mwembamba kama unywele, ukakatika. Mbele ya “akoma” kikasimama kijiti kitupu.

Clément akakaa juu ya bunda la karatasi. Hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kuagiza nyingine Bulaya ni kungoja meli, tena treni, na arusi haingoji.

Nyumbani alimweleza Angélique polepole: jina lake litachapwa kwa herufi nene za gazeti, la Godefroid limekwisha kutoka vizuri, ni hasara kulitupa. Mama Bwalya hakuona neno, watu watasoma tu. Angélique akaishika kadi.

“Baba, yeye avae kosti na tai, na miye nisimame pembeni na kitambaa ya jikoni?”

“Mutoto wangu, K inavunjika. Nifanye namna gani?”

“Unguza hizi. Tuandike bote babili na zile za gazeti.”

“Na ile nilibaambia bakwe?”

“Bakwe banatafuta muntu. Habatafute K.”

Jumatatu baada ya kengele, Frère akimruhusu tena, Clément alipanga upya, majina yote mawili nene, meusi, sawasawa. Kadi zilipofika Sakania, wakwe walileta shukrani: zinasomeka vizuri, walisema, hata bila miwani. Maneno hayo yalimuuma kuliko lawama. Akawaitikia asante, meno yameumana.