Fundi Viatu na Koni Tisa za Asumini

Mdogo wangu ni fundi viatu, na miaka thelathini sasa anashonea sebuleni kwake. Gundi yake ni kali. Nzi akiingia mle hutoka anapepesuka, hajui kwao ni wapi. Mmoja nilimwelekeza njia mwenyewe, akanishukuru.

Mkewe, yaani wifi yangu, alivumilia hadi mwaka huu, kisha akabeba kiti chake akakihamishia jikoni. Jioni hukaa huko, mlango kaurudisha. Mwanamume akabaki anaongea na soli.

"Dada," akaniambia, "nimebaki kama ndala ya mguu mmoja. Nifanyeje arudi?"

"Gundi inamfukuza. Nunua udi."

Tukaenda dukani. Pale wanauza udi wa koni, vidude vidogo vilivyochongoka kama kofia. Unawasha ncha, unapuliza moto, moshi unapanda taratibu. Mdogo wangu akachukua mmoja, akaubinya kwa kidole gumba, akaugonga kwa ukucha, akautega sikioni.

"Mzee, huo ni udi, si kisigino," mwenye duka akamwambia.

"Mali nzuri hujulikana mkononi, mama."

"Nusa, baba, nusa."

Akanisukumia mimi. "Dada, hebu chagua wewe."

Nikanusa msandali, limau, waridi. Nikachagua asumini, nikamwapia kwamba mkewe ataupenda. Kusema kweli nilikuwa naupenda mimi.

Nyumbani nikamwacha awashe, nikaenda jikoni kumchelewesha wifi kwa umbea. Umbea ukanoga, nikasahau. Tulipofungua mlango wa sebuleni, moshi ulikuwa mzito hata nikautundikia mtandio wangu, na haukuanguka. Juu ya kifuniko cha bati zilikuwa zinafuka koni tisa.

Wifi akakohoa. "Umechoma nini, wewe?"

"Asumini."

"Pakiti nzima?"

"Niliwasha mmoja, sikusikia harufu. Nikaongeza. Bado."

Wifi akafungua madirisha, kisha akasimama akimtazama. "Tangu lini husikii harufu?"

"Sijui. Labda tangu mtoto wa tatu."

"Na chakula changu, kila siku unasema kinanukia?"

"Kilikuwa kinaonekana kinanukia."

Hapo wifi akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nilikuwa namwona mwanamume asiyejali. Kumbe maskini hajui hata anachomtesea mwenzake. Wifi akamwamuru ahamishie mkebe wa gundi barazani na kazi ya gundi aifanyie huko huko. Akaubeba mkebe, akautoa nje. Wifi akazima koni nane, akaacha moja, akaenda jikoni, akarudi na kiti chake. Akakiweka karibu kabisa na cha mumewe, magoti yakagusana.

"Sasa huu unanukiaje?" mdogo wangu akauliza.

Wifi akafikiri. "Kama shuka lililokauka juani. Halafu, kwa nyuma, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa."

"Enhe."

"Halafu kuna utamu fulani, unakuja na kukimbia."

"Unakimbilia wapi?"

"Mwone huyu. Tulia nikueleze."

Mdogo wangu akafumba macho, mikono tumboni, kama mtu anayelishwa. Mimi hawakunikumbuka tena, wala sikuaga. Nilipotazama nyuma kutoka mlangoni, koni ilikwisha kuwa majivu, na wifi bado anaelezea.