Nyapara na Wanawake Wake Wawili

Kumepambazuka tu, na Mama Ndoo amepiga magoti ndani ya kizimba cha mwisho. Mkono mmoja umeshika brashi, mwingine unalizuia jibwa la kahawia lisimlambe uso. Mpira unamwaga maji nyuma yake. Mbwa zaidi ya arobaini wanadai chakula kwa pamoja, na kila mmoja anaamini ndiye aliyesahaulika.

Anapomwona mwandishi wa makala haya mlangoni, hasemi hata karibu.

"Umetokea kwa muuza maziwa?" anauliza kwa kupaza sauti. "Umemwona? Amenenepa?"

Anajibiwa kwamba amenenepa kidogo, na manyoya yake yanang'aa. Mama Ndoo anarudia kusugua sakafu, kwa nguvu kuliko sakafu yenyewe inavyohitaji.

"Anamnywesha maziwa huyo," anasema. "Mbwa wa kuchunga hanyweshwi maziwa kama mtoto mchanga. Atakuwa mzito, kisha waseme mvivu."

Anayezungumziwa ni mbwa wa rangi nyeusi na nyeupe, wa mbegu ile iliyozalishwa kwa ajili ya kuchunga kondoo. Jicho lake moja ni la buluu. Hapa kituoni, mahali wanapookolewa mbwa waliotupwa na wenyewe, walimwita Nyapara, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona kiumbe chochote kimesimama peke yake. Kwa muuza maziwa anaitwa Tajiri.

"Tajiri!" Mama Ndoo anacheka bila furaha. "Hata mkanda wa shingoni alipewa na sisi."

Mama Ndoo ana umri wa miaka arobaini na saba, na huu ni mwaka wake wa tisa akiosha vizimba vya kituo hiki. Jina alipewa na wenzake, maana hajawahi kuonekana bila ndoo. Kabla ya hapo alikuwa akisafisha ngazi za maofisi. Mshahara wake, anavyosema mwenyewe, ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Mume wake ni fundi baiskeli. Wanaishi vyumba viwili ghorofani, na mwenye nyumba alishawaambia kwamba hataki kuona hata kuku.

Ndiyo maana hakuweza kumchukua Nyapara mwenyewe. Hilo analisema mapema, bila kuulizwa, na analirudia.

Nyapara alikuwa amekwisha kupewa watu mara moja. Familia moja ya mjini ilimchukua kwa mapenzi yote, ikamrudisha haraka. Aliwakusanya watoto wa jengo zima, akawabana kwenye kona ya ngazi, akalala mbele yao akiwakazia macho. Hakumuuma hata mmoja. Lakini aliyejaribu kwenda kwao alirudishwa kundini, na wazazi walishuka wakakuta watoto wanalia kwa foleni.

"Hakuwa na kosa," anasema Mama Ndoo. "Alikuwa kazini."

Kazi aliipata hapa. Kila asubuhi mbwa hufunguliwa waingie uani ili vizimba vioshwe, kisha inabidi warudishwe. Kuwarudisha ilikuwa vita. Unamshika huyu, yule anatoroka. Unamfuata yule, huyu amekwisha kupindua maji. Siku moja Nyapara alichuchumaa, akainamisha kichwa, akawazunguka kimya kimya, na wote wakaingia.

Mama Ndoo akaanza kumfundisha. Kwa kuwa kelele za humu humeza sauti ya mtu, hakutumia mdomo. Alitumia mikono. Mkono wa kulia ukinyooshwa, zungukia kulia. Wa kushoto, kushoto. Kiganja kikishuka, lala chini. Kiganja kifuani, njoo. Wenzake wanaofika baadaye waliona tu kwamba vizimba viko tayari. Walidhani mbwa ana akili zake, na mama ana bidii zake.

"Tulikuwa wawili," anasema. "Mimi nanyoosha mkono, yeye anawaleta. Ananitazama mikono tu. Uso wangu wala hana habari nao! Tukimaliza, chai yangu bado ya moto."

Nyumbani alimsifu mpaka mumewe akachoka. Fundi baiskeli anakumbuka kwa kicheko. "Nilimwambia, mke wangu, mimi nimekaa na wewe miaka yote hii hujanisifia hata kuziba pancha. Basi niletee huyo bwana mwenzangu nimwone."

Kisha akaja muuza maziwa.

Ni mjane wa makamo, ana mbuzi ishirini na wanne nje kidogo ya mji, na ana jirani mwenye bustani ya kabichi. Mbuzi na kabichi havijui mpaka. Alikuja kutafuta mbwa wa kuchunga, akachuchumaa mbele ya kizimba, na Nyapara akatoka akamlazia kichwa mapajani.

"Siku ya kwanza!" Mama Ndoo anasimamisha brashi. "Mimi ilimchukua miezi miwili kunisogelea. Miezi miwili namwekea chakula nageuka. Yeye amekuja na viatu vyake vya kutokea, akawekewa kichwa. Niliona gere, sikufichi. Niliona gere mpaka masikio yakapata moto."

Kituo kina desturi yake. Mbwa anapoondoka, aliyekuwa akimhudumia husimama getini na mlezi mpya, akamweleza kila anachokijua: anaogopa nini, anapenda kukunwa wapi, analala vipi. Hawaandiki. Wanaamini aliyekaa na mbwa atasema vizuri kuliko karatasi. Wanaiita kumtambulisha mbwa, na hakuna anayeondoka bila kutambulishwa.

Mama Ndoo alimtambulisha Nyapara kwa ukamilifu. Alisema kuhusu radi. Alisema kuhusu sikio la kushoto linalowasha, na kwamba hapendi kuguswa mkia. Mikono hakuisema.

"Neno lilifika hapa," anasema akigusa koo, "likakaa. Nikajiambia, mbwa mchukue, lakini ile ni yetu mimi na yeye. Ilikuwa roho ya korosho tu, hakuna jina lingine."

Kwake, muuza maziwa anasimulia mwezi uliofuata huku akimimina maziwa kwenye chupa. Alimwita mbwa kwa jina jipya, akamwita kwa jina la zamani, akamwimbia. Mbwa alikuja karibu, akakaa, akamtazama mikono. Mbuzi wakapita pembeni yao wote wawili wakielekea kwenye kabichi.

"Nikasema labda kiziwi. Nikagonga sufuria nyuma yake, akaruka juu kama kachomwa. Kumbe anasikia! Nikasema basi ni kiburi. Lakini mbwa wa kiburi hakai mlangoni kwako usiku kucha. Nililala naye sakafuni, dada yangu wa damu akanicheka. Na jirani akaniambia, kabichi nyingine ikiliwa tutafikishana mbali."

Alivumilia, akashindwa. Akapiga simu kituoni kwamba anamrudisha.

Habari hiyo ilimkuta Mama Ndoo na ndoo mkononi. Anakiri kwamba alifurahi, na kwamba alikwenda moja kwa moja kukiosha kizimba cha Nyapara, akatandika blanketi, akiimba. Meneja wa kituo alikuja akasimama mlangoni. Alimkumbusha jambo ambalo wote hapa wanalijua: mbwa aliyerudishwa mara mbili hatolewi tena. Angebaki humu ndani maisha yake yote, saruji na wavu, mpaka afe.

"Nikamjibu, si atakuwa na mimi? Akaniuliza, na wewe ukistaafu? Nikanuna. Nikaendelea kutandika."

Siku ya kurudishwa, muuza maziwa alifika na pikapu ya kukodi. Nyapara aliruka chini, akamwona Mama Ndoo, akalia kama mtoto. Alimzunguka, akamsukuma magoti, akajilaza juu ya mabuti yake ya mpira.

"Unajua nilifanya nini?" anasema Mama Ndoo, na hapa anaacha kusugua kabisa. "Nilimtazama yule mama usoni. Nilitaka nihakikishe ameona."

Alikuwa ameona. Muuza maziwa alisimama na kamba mkononi, macho yamejaa machozi.

"Ni wako," akamwambia. "Mimi nimempa kila nilichonacho. Ananitazama mikono tu, kutwa, kama vile kuna kitu chake nimemficha."

Mama Ndoo anasema alikosa pa kuweka uso. Aliyeficha alikuwa yeye, na mwezi mzima mbwa alikuwa akikitafuta kitu hicho kwenye mikono ya mtu asiye na hatia. Alimtazama Nyapara vizuri, akaona mbavu ambazo hazikuonekana alipoondoka.

Alirudi nyuma hatua chache, akashusha kiganja. Nyapara akalala chini palepale. Akanyoosha mkono wa kulia. Nyapara akampitia muuza maziwa kwa nyuma, akazunguka, akamleta mpaka mbele ya Mama Ndoo kama mbuzi aliyepotea.

"Kumbe!" akasema muuza maziwa. Kisha ikamwingia. "Kumbe ulikuwa unajua! Mwezi mzima, dada! Mwezi mzima naongea na mbwa kama mwehu, mbuzi wangu wanataka kunipeleka mahakamani, na wewe unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

"Wivu."

Muuza maziwa hakutukana. Alifungua mlango wa pikapu. "Panda," akasema. "Panda, mwizi we, twende ukanifundishe."

Meneja aliruhusu, ingawa tangu siku hiyo Mama Ndoo hamtambulishi mbwa yeyote bila meneja kusimama pembeni. Anasema anastahili.

Kule kwa muuza maziwa, kuzifundisha ishara haikuwa kazi. Mwanamke alizishika upesi. Shida ilikuwa Nyapara. Muuza maziwa akinyoosha mkono, mbwa alimgeukia Mama Ndoo kumuuliza kama ni kweli. Akinyoosha tena, anageuka tena. Mbuzi walikuwa wanaisogelea kabichi.

"Nikaelewa kwamba mimi ndiye ninayezuia," anasema. "Nikatia mikono mifukoni. Bado ananitazama. Nikawapa mgongo, nikaukazia macho ukuta wa choo. Nikajikaza kisabuni nisigeuke. Nikasikia miguu inakimbia, halafu kwato nyingi, halafu yule mama anapiga kelele za furaha. Mimi sikuona chochote. Mara yake ya kwanza kuchunga mbuzi, mimi natazama choo."

Muuza maziwa alimkumbatia, akamtaka awe anakuja kila Jumapili. Tangu hapo ni miezi mitano, na hajaenda. Chupa ya maziwa huletwa kituoni kila wiki kwa jina lake. Anaipeleka nyumbani, fundi baiskeli anakunywa. Yeye anasema hapendi maziwa ya mbuzi, jambo ambalo mumewe anasema ni uongo mtupu.

"Yule mama ni mtu mwema," Mama Ndoo anasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika. "Angekuwa mbaya ningepumzika."

Ana mpango, hata hivyo. Anataka siku moja apite ile barabara ya kule, kwa miguu, bila kuita na bila kunyoosha mkono. Nyapara awe na mbuzi wake. Amwone, amjue, kisha ageuke aendelee na kazi. Hapo ndipo atajua kwamba safari hii amempa mtu mbwa mzima, hakubakiza kipande.

Anaulizwa ni lini. Anafunga mpira wa maji, anaokota ndoo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anamtazama mwandishi machoni.

"Mwakani," anasema. "Mwaka huu akinipita, nitalia barabarani mbele za watu."