R ya Lukmani

Miaka ile ya hamsini, hapakuwa na mtumbwi wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ulioingia majini bila jina, na jina hilo liliandikwa na Lukmani. Herufi zake, jamani! Nene, zimetanguliza matumbo, kila moja imesimama kwa miguu yake mipana, na kivuli chekundu mgongoni. Watu walimtania kwamba zinakula vizuri kuliko yeye. Alizinakili kutoka kwenye sanduku la sabuni la Ulaya, ila R aliibuni mwenyewe: mguu wa nyuma ulirefuka, ukapinda juu, ukatoa jani dogo. Fabien, fundi rangi mwenzake, aliiiga R hiyo miaka na miaka, na kila mara mguu ulimharibikia. Lukmani alimcheka mbele za watu. Maringo alikuwa nayo, tusidanganyane. Alisema toka Uvira mpaka Albertville hakuna mkono mwingine wa kuitoa.

Mtumbwi aliouandika kwa furaha kuliko yote ulikuwa wa mwanawe wa pekee, Assani. Uliitwa SUBIRA. Assani alivuka kwenda Ubwari, ng'ambo ya pili, kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, upepo ukavuma, ziwa likachafuka. Wenzake wa mitumbwi mingine walirudi, yeye hakurudi. Lukmani akasema kijana amejibanza huko Ubwari, anangoja ziwa litulie. Alisema hivyo mpaka watu wakaacha kumuuliza.

Ndipo watu wa kijiji cha Swima walipoleta kipande cha ubao kilichotupwa na maji. Juu yake kulikuwa na herufi moja nzima: R, na jani lake.

Zubeda, mkewe, alijishika mdomo. Lukmani aliutazama ubao, akaugeuza, akaugeuza tena.

“Hii haiko kazi yangu,” alisema. “Muntu yeyote anaweza kuiandika.”

Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi, brashi na ubao mpya, akaviweka mbele ya Fabien aliyekuja kumpa pole. Moyo wa Lukmani ulikuwa umeshamwambia, ila yeye hakutaka kuusikia.

“Fabien, ndugu yangu, andika,” alisema. “Onyesha bantu kama we pia unaiweza.”

Fabien akapiga magoti. Maskini, hakuwahi kutamani kuiweza kama siku ile. Alianza vizuri, tumbo likakaa, akateremka na mguu, akaupinda, ukaharibika. Lukmani akafuta kwa kiganja, akamwambia arudie. Ukaharibika. Akamwambia arudie. Mwishowe rangi ilikuwa imewaenea wote wawili mpaka viwikoni, na Fabien alikuwa analia waziwazi.

“Siwezi, mzee,” alisema. “Iko yako.”

Lukmani akainama tena kufuta. Zubeda akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda kuwaita majirani kwa matanga.