Vioo vya Mama

Ndugu yangu mkubwa alishaamua: Jumapili baada ya kanisa, Baba angenyang'anywa funguo za gari. Alikuwa amerudi nyuma pale wanapokusanya maziwa Mweiga akaangusha mitungi mitatu, na wiki iliyotangulia nusura amgonge mtu wa bodaboda. Mimi ni fundi wa umeme wa magari mjini Nyeri, na nakiri nilikuwa upande wa ndugu yangu. Baba ana miaka sabini na minane, na shingo yake haigeuki tena.

Jumamosi nilienda kumwandaa kisaikolojia. Nikamkuta amesimama kando ya gari, amekunja mikono.

"Si mimi ni mbaya," akasema kabla sijamsalimu. "Ni hii gari iko na shida. Hivi vioo vya kando haviendi. Nikiangalia naona tairi ya nyuma na barabara, basi. Na mkichukua hii gari, ati mtakuwa mmenizika na mama yenu."

Mama alikuwa ametuacha miezi minne tu iliyopita. Gari lilikuwa lake; yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, Baba akikaa kando akilalamika kuhusu breki. Nikafungua kisanduku cha vifaa.

Kioo cha umeme kisipocheza, kwanza unatazama fyuzi. Ilikuwa nzima. Nikamwambia Baba awashe stima ya gari na abonyeze kitufe huku nimeweka sikio kwenye kioo cha kulia. Ndani nikasikia mota ikilia, krr, krr. Cha kushoto vilevile. Basi umeme unafika, swichi ni nzima, nyaya ni nzima. Mota inasukuma, kioo kinakataa. Nani amekishika?

Nikapangusa vumbi kwenye pembe za kioo. Ribiti nne za chuma, zimekibana kwenye fremu. Haki, mkono ule niliujua. Ulikuwa wangu.

Mama alienda Nairobi mwaka fulani akarudi bila vioo. Wezi walivichomoa akiwa kwenye foleni. Nikamnunulia vingine, na kama tunavyofanya wengi, nikavitoboa pembeni na kuvipiga ribiti visichomoleke. Yeye alikaa kwenye usukani akiniongoza: "Chini kidogo. Hapo! Hapo hapo, usisonge." Mama alikuwa mfupi, akikalia mto. Baba ni mrefu kama mlingoti wa stima. Mimi fundi mzima nilikuwa nimefunga mota mbili nzuri, halafu nikakaa kikao cha kumhukumu mzee wa watu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Baba, nisamehe. Ni mimi nilivifunga. Vimekaa pale Mama alikuwa anaonea."

Nilipowasha drili akainua mkono. "Ngoja."

Akaingia kwenye usukani, akateleza chini ya kiti taratibu, magoti yakigonga dashibodi, mpaka kichwa chake kikafika alipokuwa akifika Mama. Akatazama kioo cha kulia kwa muda mrefu. Nikageuka kando, machozi yakinilenga.

"Kumbe alikuwa anaona mpaka kwa geti," akasema. Kisha, "Haya, toboa."

Ribiti zikatoka. Akabonyeza, vioo vikacheza, akacheka kama mkulima aliyelipwa bonasi ya majani chai. Jumapili ndugu yangu aliponyoosha mkono kuomba funguo, nilimsukuma kando nikamwambia mwenye kosa ni mimi. Baba akarudi nyuma mbele yetu sote, akatoka getini bila kugusa hata ua.

Bado anaendesha. Juzi nilimkuta akiegesha, nikaona jambo ambalo sikumuuliza. Kabla ya kuzima gari alibonyeza kitufe, akakishusha kioo cha kulia polepole mpaka pale pa Mama, akakiacha hapo. Asubuhi hukipandisha tena, ndipo anaondoka.